Mjadala: Mombasa iombe kuandaa mpira wa magongo (hoki) wa kimataifa wa wanawake, au tuanze na uwanja?

Wenzangu, suala hili linagawanya watu kila likitajwa, nami nataka tulijadili kwa kina. Wako wanaotaka Mombasa iombe kuandaa mashindano ya wanawake ya daraja la pili duniani, yaani Kombe la Mataifa la Shirikisho la Magongo la Kimataifa, FIH. Hoja yao ni kwamba hoteli tunazo, uwanja wa ndege tunao, na wageni wanaipenda pwani. Wengine wanasema magongo ni mchezo wa wenye nacho, heri pesa ziende zahanati.

Mimi sikubaliani na upande wowote. Nataka uwanja mmoja wa umma wa nyasi bandia, kwa ajili ya wasichana wetu. Mashindano ya wageni yangoje.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kombe hili lilianza Valencia, Uhispania, Desemba 2022, likiwa na timu nane, Afrika Kusini ikiwemo. India ilishinda fainali 1-0 dhidi ya wenyeji, na zawadi yake kubwa ikawa kupandishwa kwenye Pro League, ligi ya mataifa makubwa. Mwaka 2024 likachezwa Terrassa, Uhispania tena, na safari hiyo wenyeji wakalitwaa. Terrassa ndiko magongo ya Olimpiki ya 1992 yalikochezwa. Mji ule ulikuwa na viwanja na vilabu miaka mingi kabla kombe hili halijabuniwa, na sidhani kuna njia ya mkato.

Halafu kuna jambo ambalo wanaopigia debe wageni hawaligusi. Mwaka 2025 New Zealand ilishinda kombe la wanawake kule Santiago, Chile, kisha ikakataa kupanda daraja. Nafasi ikaenda kwa Ireland. Kabla ya hapo wanaume wa Afrika Kusini walishinda kombe lao kwao Potchefstroom mwaka 2022, nao hawakupanda. Pro League ni safari za kuvuka mabara msimu mzima, na gharama yake inawatisha hata walio mbele yetu. Basi sisi tulipe mamilioni kuandaa karamu ambayo zawadi yake washindi wanaiacha mezani?

Sasa njooni tuangalie uwanja wenyewe. Kwenye nyasi za kawaida mpira wa magongo haunyooki. Unagonga kishimo, unaruka juu ya gongo, na msichana anayejifunza kuupokea anazoea kurudi nyuma nusu hatua na kuinua mkono ili usimpige gotini. Mpeleke huyo huyo kwenye nyasi bandia: mpira unakuja kasi, umelala chini, na ile nusu hatua ya nyuma inampokonya nafasi. Kona ya adhabu, ile wanayopewa washambuliaji baada ya kosa karibu na goli, ndiyo mbaya zaidi. Mpira unasukumwa kutoka mstari wa mwisho wa uwanja, kando ya goli, unasimamishwa, unapigwa, yote kwa sekunde chache. Hilo huwezi kulifanyia mazoezi mahali ambapo mpira hausimami unapotaka. Mechi zote kubwa za kimataifa huchezwa kwenye nyasi bandia, kwa hiyo binti wa Likoni au Kisauni anafika Nairobi kwa majaribio akiwa ameshachelewa, hata awe na kipaji namna gani.

Najua swali litakalofuata: maji. Nyasi bandia za kiwango cha juu humwagiwa maji mengi kabla ya mechi, na hapa kwetu watu wananunua maji kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwa wenye mikokoteni. Hoja hiyo naiheshimu kuliko zote. Kumwaga maji safi uwanjani wakati mama wa mtaa wa pili mfereji wake umekauka ni aibu, nami nitapinga uwanja wa aina hiyo. Lakini FIH yenyewe imekuwa ikihimiza nyasi bandia zisizohitaji maji, na hata zile za Olimpiki ya Paris 2024 zilitengenezwa zitumie maji kidogo kuliko za awali. Kaunti iweke sharti hilo kwenye zabuni tangu siku ya kwanza.

Na kwa wanaosema ni mchezo wa wenye nacho: wanawake wa klabu ya magongo ya Telkom ya Kenya walitwaa ubingwa wa vilabu Afrika mara kadhaa. Mdhamini alipoondoka, wakaendelea kwa jina la Blazers. Vipaji vya Wakenya havikutoka kwa matajiri watupu. Kinachoufanya mchezo uwe wa wenye nacho ni kwamba viwanja vizuri viko ndani ya kuta, na ukitaka kuingia unaulizwa uanachama. Uwanja wa umma ndio unaovunja ukuta huo. Wanaotaja zahanati wana haki ya kudai zahanati, nami nitasimama nao, lakini sioni kwa nini kila fungu la michezo ya wasichana ndilo lipimwe kwa dawa, wakati la soka ya wanaume halipimwi hivyo.

Ninachoomba tujadili ni mahali. Kisiwani ni rahisi kwa wengi, ila ardhi ni finyu na yenye kesi. Upande wa Changamwe kuna nafasi zaidi, ila binti wa Likoni atavuka feri na kupanda matatu mbili, jioni arudi gizani. Mimi naelekea kisiwani, karibu na shule, hata uwanja ukichelewa mwaka mmoja. Nani ana hoja ya kunibadilisha?