Jumamosi ya kujivuta halafu tunazungusha gari mashambani, Rombo au Siha?

Binti Soweto:
Wakuu habari za saa hizi. Jumamosi nipo off, watoto wako kwa bibi yao, mimi na mzee, baba watoto, tumekubaliana hakuna kupangiana kitu. Tunaamka tukijisikia, chai na mihogo kibarazani, redio chini chini, na huu mwezi wa kumi mjakaranda wetu umedondosha maua mpaka wiper za gari zimenata, yaani sijui hata kama nitayatoa. Tukishajinyoosha vya kutosha tunatoka taratibu, hatuna mwenyeji wala shughuli, tunashuka popote tutakapopapenda. Sasa kutoka hapa Moshi mimi nataka Rombo kupitia Marangu, yeye anang'ang'ania Siha. Gari ni Toyota IST, kale kadogo ka chini, msisahau hilo, na habari za kulipa kiingilio cha hifadhi hatutaki. Mnashauri wapi?

Mangi wa Mwika:
Rombo dada, hilo hata si la kuuliza. Mnafika Njia Panda ya Himo mnakata kushoto, Marangu Mtoni, Mwika, Mkuu, mpaka Tarakea lami tupu. Msimu huu kahawa inavunwa, mtaona vichanja vya waya vimejaa, akina mama wanageuza buni kwa mkono na kuchambua mbovu moja moja huku wanapiga stori. Salimia kwanza ndio utoe simu ya picha, sio mnashuka tu kama watalii. Mbele kidogo kulia mnaona tambarare ya Kenya yote, kushoto kilele cha Mawenzi kimewakalia shingoni. Mtori mnaupata njiani.

Mzee wa Tochi:
Mnabishana njia wakati ishu ni saa. Mlima Kilimanjaro haumsubiri mtu aliyelala, ikifika saa nne saa tano wingu limeshapanda na hamuoni kitu zaidi ya migomba. Tokeni saa kumi na mbili asubuhi, mchana mmerudi, hiyo mihogo na redio mnafanya jioni. Na kwenye vijiji spidi ni 50, tochi za trafiki za kupima mwendo zinajificha nyuma ya migomba, mimi nimeshawachangia sana.

Binti Soweto:
Saa kumi na mbili?? Baba yangu hiyo si kupumzika hiyo ni kuwahi kazini 😂

Dereva Boma:
Mwacheni dada alale. Mzee wa Tochi kuhusu wingu yuko sawa, ila kuna kitu mmekiruka wote. Rombo iko mashariki ya mlima, jua linaupiga asubuhi, mchana ukipita huko mlima uko kivulini hata kama hauna wingu. Siha iko magharibi, jua la kuanzia saa kumi linakipiga kilele cha Kibo usoni, na mara nyingi jioni wingu linaachia, sio kila siku lakini mara nyingi. Kwa hiyo kwa watu wanaoamka saa nne mzee wako ana hoja. Mnakunja kulia Boma Ng'ombe, lami mpaka Sanya Juu, nchi inafunguka, mashamba makubwa ya ngano na shayiri, ng'ombe wa Wamasai wanavuka barabara wanavyotaka wao, mkitazama kushoto Mlima Meru huo hapo jua linashukia upande wake. Kabla hamjaacha lami huko mbele ulizeni bodaboda wa pale Sanya Juu barabara ikoje, maana IST na vumbi la mwezi wa kumi haviivi. Ikionekana mbaya geuzeni hapo hapo, mandhari mmeshayala.

Mangi wa Mwika:
Sawa, na huko Siha watakula nini, shayiri? 😅

Dereva Boma:
Nyama choma Boma pale Mangi, usijifanye hupajui.

Binti Soweto:
Mzee kasoma hapa anacheka peke yake kama kashinda kesi. Basi Siha, tunakula nyumbani, saa nane tunatoka. Mangi usinune, Rombo nitaenda siku nikiweza kuamka, yaani usisubiri. Swali la mwisho, viazi mviringo vya huko nitapata wapi kwa debe?

Dereva Boma:
Sokoni Sanya Juu, ila uwahi kabla hawajaanza kufunga. Na debe likague kwa chini kabla hajapima, kuna yale yamebonyezwa kwa ndani, unaona limejaa mpaka kilele kumbe umepungukiwa viazi vya mboga nzima.