Dereva mmoja, gari mbili kwenye akaunti moja: iwe ruksa au marufuku?

Dereva, Mafiati

Wakuu salaam. Jana pale kijiweni Kabwe, hapa Mbeya, tulikaribia kushikana mashati. Hoja yenyewe: dereva wa taksi ya mtandaoni aruhusiwe kuweka gari mbili kwenye akaunti yake, leo akatembelea hii, kesho ile? Nusu ya kijiwe wanasema huo ni mlango wa wahuni. Mimi nasema aruhusiwe, ila kwa sharti moja.

Nianze na yaliyonikuta. Juni iliyopita, baridi ile ya kukata masikio, IST ninayoendesha ilianza kulia gurudumu la mbele kushoto. Fundi akaipiga jeki, akazungusha gurudumu kwa mkono, akatega sikio: beringi imekufa, niiache mpaka kesho kutwa. Sasa hesabu ya kila siku ya tajiri mwenye gari haijui beringi. Jirani yangu ana Passo nyekundu inalala uani wiki nzima, nikaiazima, nikawasha programu kama kawaida, nikapata kichwa kinachonisubiri uwanja wa ndege Songwe.

Dada katoka na begi lake. Anatazama simu, anatazama Passo, anarudi kwenye simu. Kule kaandikiwa IST ya rangi ya fedha, na namba nyingine kabisa. Akaniambia, "Kaka, sura ni yako, gari siyo. Mimi sipandi." Nikajieleza mpaka habari za beringi. Akafuta safari, akachukua taksi za palepale. Nimerudi mjini mtupu, mafuta ya mfukoni kwangu.

Mpaka Mbalizi nilikuwa nimefura. Nilipofika Iyunga hasira zikawa zimeisha, maana angekuwa mke wangu ningetaka afanye vilevile.

Programu za siku hizi zinakubali uongeze gari ya pili. Unatuma kadi, bima na picha za gari, wanakagua, wakipitisha basi kabla hujaingia hewani unachagua ya leo, na abiria anaona namba ya hiyohiyo. Sharti langu ni hilo: iliyo kwenye simu ndiyo iwe iliyo barabarani. Mnaonaje?

Abiria wa Forest

Kaka pole na beringi, lakini huyo dada nampongeza. Saa tatu usiku stendi ya Nane Nane, umeme umekatika, sura ya dereva siioni vizuri. Kinachonilinda ni namba tu. Mkianza kubadilisha gari kama mashati, sisi tutashika nini? Halafu swali dogo: siku unayoendesha Passo, ile IST ikipona iko na nani? Tuseme ukweli, iko na shemeji, na shemeji anatumia akaunti yako.

Bajaji Ilomba

Mnagombania gari mbili, wengine hata hii bajaji ni ya mkataba 😂 Endeleeni, nasoma.

Dereva, Mafiati

Dada wa Forest, hapo kwa shemeji umegusa penyewe, ila angalia vizuri. Mchezo wa kuazimana akaunti unafanyika sana kwenye gari MOJA. Mchana anaendesha mwenye akaunti, usiku anashika deiwaka, yaani dereva wa kibarua. Namba inafanana, rangi inafanana, abiria anapanda bila wasiwasi, kumbe sura siyo. Anayekuja na gari ambayo haiko kwenye simu huwa anakamatwa upesi, kama nilivyokamatwa mimi. Kwa hiyo ukitazama namba, tazama na sura. Washa tochi ya simu, dereva mstaarabu hatanuna.

Tajiri wa Uyole

Naongea kama mwenye vyombo. Nina Vitz na Noah, na sitaki dereva wangu awe na gari ya bosi mwingine kwenye simu yake. Atafanya nini? Ya kwangu ataipeleka kwenye mashimo ya Isyesye na kwenye foleni ya malori ya Tunduma, ya mwenzangu ataitunza kwa sababu kule yuko kwenye mkataba, mwisho inakuwa yake. Bushi na shokapu nanunua mimi. Ila Vitz na Noah zangu zote mbili akaunti moja, hapo sawa: familia ina mizigo ya Tukuyu, anachukua Noah.

Abiria wa Forest

Yaani marufuku kwa wote isipokuwa kwako. Sawa bosi.

Niliwahi kuuza bima

Mnazunguka mbuyu. Mleta mada, hiyo Passo ya jirani ilikuwa na namba za njano za gari binafsi au nyeupe za biashara? Bima yake ilikatwa kwa matumizi gani?

Bima ya chombo cha moto ni ya lazima kwa sheria, Sura ya 169, na inafuata gari pamoja na matumizi yake. Jirani alikata ya gari binafsi. Siku umebeba abiria wa kulipa, ukagonga mtu pale Mwanjelwa, kampuni itauliza ilikuwa safari gani, na safari imebaki kwenye simu yako na dakika zake. Hapo jirani ataitwa, na wewe utaitwa. Nyota zako tano ni za dereva, bima haizijui. Gari ya pili maana yake bima ya pili ya biashara, leseni ya pili ya LATRA, wale wadhibiti wa usafiri wa ardhini, ukaguzi wa pili. Hata abiria anaweza kuhakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya gari tu.

Deiwaka, Soweto

Kwa hiyo maskini akiharibikiwa alale na njaa. Bima mbili za biashara nani analipa, wakati kuna kamisheni ya kampuni za programu, mafuta na hesabu? LATRA waliishusha kamisheni mpaka 15% mwaka 2022, Uber wakasimamisha huduma, baadaye ikapandishwa tena mpaka 25%. Kila anayebanwa pale juu anakuja kumbana dereva.

Dereva, Mafiati

Mkuu wa bima, namba zilikuwa za njano. Hilo sikuliwaza, nilikuwa nawaza abiria na programu basi. Narekebisha sharti langu: ifanane na simu, na karatasi ziwe za biashara.

Deiwaka, nakuelewa, ila ukigonga mtu kwa bima ya binafsi njaa itakuwa ya miaka. Jioni hii nimemuuliza jirani bima yake inaisha lini. Septemba. Kasema akikata nyingine nichangie ile tofauti, aibadilishe iwe ya biashara, na habari za namba na LATRA tufuatilie pamoja. Mpaka hapo IST ikilia tena, nashinda gereji na fundi.