Jumatatu naanza wodini Chake, naomba ushauri

Mtoto wa Konde
Asalaam aleikum. Mimi mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa kwanza. Jumatatu naanza mazoezi hospitali ya Chake Chake, Pemba, wodi ya wanaume, wiki nne. Skuli kila kitu tumekifanyia kwenye mdoli: presha, kidonda, sindano. Mdoli hapigi kelele. Nina khofu tatu: kuanguka nikiona damu, kukosea, na kumshika mwanamme wa umri wa babu yangu. Mlopita huko, nianzie wapi? Sare ninayo, na saa nimenunua.

Sista wa Zamu
Waaleikum salaam mwanangu. Saa hiyo ina mshale wa sekunde? Kama haina, irudishe dukani. Mapigo na pumzi hesabu dakika nzima. Ukihesabu nusu ukazidisha mara mbili, yule ambaye moyo wake unaruka utampita.

Pumzi usimwambie kuwa unazihesabu. Mshike mkono kama bado unatafuta mapigo, huku macho yako kifuani. Akijua tu, atakuvutia pumzi za heshima. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 12 na 20 kwa dakika. Ukipata 28, andika 28, kisha kamwite muuguzi wa zamu. Usiandike 20 kwa sababu aliyepita kaandika 20. Hilo naliona kila wanafunzi wapya wakija, na linaniudhi kuliko kuchelewa.

Saa ibandike kifuani, mikono iwe mitupu. Hina haina neno, kucha ndefu ndizo mbaya. Mikono ya sare ikunje unapohudumia.

Mkia wa Pweza
Kunywa chai kabla hujatoka! Mimi siku ya kwanza nilikwenda na njaa, kikafunguliwa kidonda cha mguu cha mgonjwa wa sukari, nikaja kuzindukana juu ya benchi. Ukiona macho yanaingia kiza na masikio yanavuma, kaa chini pale pale, hata sakafuni. Usione haya.

Mtoto wa Konde
Ahsante, nimecheka. Na hilo la wanaume je?

Kaka wa Wete
Aibu uliyonayo wewe, mgonjwa anayo mara mbili. Mwamkie kwanza, "Shikamoo babu", kama unavyomwamkia mzee wa mtaani kwenu. Mwambie wewe mwanafunzi, unataka kufanya nini, kisha subiri akubali. Vuta pazia, funua pale unapopahudumia tu. Akikataa, mshukuru, kamwite muuguzi mwanamme. Hajakutukana.

Jambo jengine ni majina. Kwetu Pemba wodi moja unaweza kukuta akina Juma Khamis wawili, vitanda vinapakana. Usimuulize "Wewe ndiye Juma Khamis?" Mzee asiyesikia vizuri ataitikia jina lolote. Muulize "Jina lako kamili nani?" akutajie yote matatu, ulinganishe na faili. Hapo ndipo uangalie dawa, kipimo, njia na wakati. Na dawa usimpe mtu bila msimamizi wako kusimama hapo, hata ukisukumwa na wodi imejaa.

Wauguzaji, yaani jamaa wanaokaa na mgonjwa, watakuuliza mengi ukiwa mwanafunzi, maana sura yako haitishi. Habari za ugonjwa waelekeze kwa wenye wodi.

Sista wa Zamu
Kaka wa Wete kasema vyema. Mimi naongeza la sindano. Ukishaitumia usiirudishie kifuniko, moja kwa moja kwenye kisanduku chake, na kisanduku kikifika robo tatu kifungwe. Ukijichoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, useme hapo hapo. Dawa za kukinga VVU zikianzwa ndani ya saa chache ndiyo bora, zikipita saa 72 umeshachelewa, na zinanywewa siku 28. Niliwahi kuwa na mwanafunzi aliyeficha siku mbili nzima kwa kuogopa kugombezwa. Siku ya pili usiku ndiyo kanijia analia. Aliwahi, lakini mimi sikulala.

Chanjo ya homa ya ini B umeshamaliza dozi tatu?

Mtoto wa Konde
Mbili. Ya tatu ilikuwa niende mwezi uliopita, mitihani ikanisahaulisha.

Sista wa Zamu
Kesho Ijumaa. Nenda asubuhi, kabla ya sala. Sare utapiga pasi jioni.