Moyo dhaifu na kisukari aina ya 2: nianze na dawa ipi?

Tabibu_Kasulu: Wakuu, salaam. Mama wa miaka 58, kisukari miaka 9. Miguu imevimba hadi magotini, usiku analalia mito mitatu. Eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) inasema moyo unasukuma nje 32% tu ya damu iliyomo kila pigo. Presha 112/70, eGFR (kipimo cha figo zinavyochuja) 48, potasiamu 4.4. Kwa sukari anatumia metformini, glibenklamaidi na pioglitazoni, na diklofenaki ya maumivu ya goti anajinunulia dukani. Nikimpa dawa zote za moyo kwa pamoja naogopa presha itaanguka.

Mfamasia_Ujiji: Mkuu, kwanza ondoa. Pioglitazoni isimame leo, inazifanya figo zishike chumvi na maji. Ukimpa Lasix (furosemidi, ya kukojoza maji) juu yake ni kuchota maji kwenye mtumbwi uliotoboka. Diklofenaki vivyo hivyo, goti apewe parasetamo. Metformini ibaki: eGFR chini ya 45 punguza, chini ya 30 acha.

Dr_Mwanga: Naunga mkono. Lasix 40 mg asubuhi, na dapagliflozini 10 mg mara moja kwa siku mapema kabisa, maana presha haiigusi sana na dozi haipandishwi. Utafiti wa DAPA-HF wa 2019 ulionyesha inawafaa hata wasio na kisukari, kwa hiyo usiihesabu kama dawa ya sukari tu. Kreatinini (kipimo cha figo) ikipanda kidogo wiki za mwanzo usiikimbie dawa.
Enalaprili 2.5 mg mara mbili. Karvediloli isubiri uvimbe upungue: 3.125 mg mara mbili, ukiongeza maradufu kila wiki 2 akivumilia. Spironolaktoni 12.5 mg, potasiamu pima wiki ya 1 na ya 4; ikipita 5.5 kata dozi nusu, ikifika 6 simamisha.

Tabibu_Kasulu: Asante sana. Na glibenklamaidi? Akipata malaria je, akawa hawezi kula?

Mfamasia_Ujiji: Glibenklamaidi mtoe, kwa figo hizo inakaa mwilini muda mrefu. Karvediloli huficha mapigo na kutetemeka sukari ikishuka, linabaki jasho. Waambie nyumbani: akilowa jasho ghafla, pima sukari.
Akitapika au asipokula, dapagliflozini na metformini zisimame mpaka ale na kunywa vizuri. Lasix na enalaprili pia kama amekaukiwa maji. Asidi ya ketoni inaweza kujaa kwenye damu huku glukomita (kipimo cha sukari) inasoma 10 mmol/L tu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Akianza kuwashwa sehemu za siri, ni fangasi, krimu ya klotrimazoli inatosha.

Dr_Mwanga: Halafu samaki wa chumvi, ule mgebuka, aupumzishe. Ajipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, arudi asingoje kliniki.