Naomba ushauri: amplifaya ya zamani nataka ipige mziki wa mtandaoni

Asalaam aleikum wakubwa zangu, mie nipo Wete. Nyumbani tuna amplifaya ya Technics na spika zake kubwa, ya marehemu baba, bado inapiga vizuri mno hasa taarab, fidla na ganuni unavisikia kila kimoja mahala pake, kwa hiyo kuiuza ninunue vispika vya plastiki sitaki kabisa. Ila haina bluetooth wala Wi-Fi, nyuma ina matundu ya RCA tu (yale ya duara ya waya mwekundu na mweupe), yameandikwa AUX, TAPE na PHONO (hiyo PHONO ya santuri siigusi).

Nshajaribu waya wa simu kwenda AUX, sauti safi lakini simu ikipigwa mziki unakatika na simu lazma nitembee nayo. Nkachukua kidude cha bluetooth cha bei poa, kinashika, lakini kikiwa kwenye chaja spika zinanguruma, nkichomoa kikatumia betri yake mngurumo unapotea. Chromecast Audio (kidude cha kuvuta mziki kwa Wi-Fi na kuupeleka kwenye amplifaya) ndo ingenifaa ila Google waliacha kuitengeneza 2019.

Sasa naomba mnisaidie, kwa bajeti isiyozidi laki mbili, nitafute kifaa cha Wi-Fi kinachovuta mziki chenyewe, au Raspberry Pi (kikompyuta kidogo) na DAC yake (kinachogeuza mziki wa dijitali uwe sauti ya kuingia kwenye amplifaya), na ipi kati ya hizo haitonisumbua kwa bando la simu? Na huo mngurumo, dawa yake kubadilisha chaja au kuweka kichujio kwenye waya wa RCA? Alokuwa anajua fundi au duka la kuaminika hapa Pemba au Unguja anielekeze pia, ahsanteni sana.