Twataka kuanzisha jarida la fasheni la wanafunzi hapa Mombasa, tuanzie wapi?

bintikibokoni

Hamjambo nyote, naomba msaada. Niko chuo hapa Mombasa nasoma uanahabari, na kazi ya muhula huu ni kutoa jarida la kweli, lisomwe na watu, si la kufanyia maksi tu. Tuko wanne kwa grupu. Tumekubaliana liwe la fasheni na wasomaji wawe wanafunzi wa sekondari, wale wa miaka 13 mpaka 17 hivi. Mwalimu ataka kwanza utafiti na mpango ndio aturuhusu kupiga hata picha moja.

Sasa kila tukikaa twarudi palepale kwa kava. Mmoja ataka nyeusi na dhahabu, mwengine ashatafuta modeli, mwengine ashachagua fonti, na hakuna hata mmoja ashazungumza na mwanafunzi yeyote. Huo utafiti wafanywa vipi, tuulize nini, tuulizie wapi? Ndani tuweke nini ambacho msichana wa Likoni ama kijana wa Changamwe ataona chamhusu? Tuchape ama tutume PDF kwa WhatsApp? Na pesa ndio hivo, hatuna nyingi.

Nalitaka hili jarida sana. Nilipokuwa skuli kila gazeti la fasheni nililoshika lilikuwa na nguo ambazo huku haziuzwi, na zenye kuuzwa mamangu hangenikubalia kutoka nazo nje. Nataka hawa wadogo zetu wapate lao.

mhariri_wa_zamani

Hatujambo mwanangu. Nimefanya kazi ya uhariri miaka mingi na huyo mwalimu wako nampa heko, maanake majarida mengi hufa kwa sababu wenyewe walijua wanataka kusema nini lakini hawakujua wanamwambia nani.

Nikupe mfano mmoja wa historia. Seventeen, jarida la wasichana kule Marekani, lilianza Septemba 1944, mhariri wake wa kwanza akiwa Helen Valentine. Wakati ule wenye maduka walikuwa hawaamini kwamba msichana wa skuli ni mteja. Basi dada mmoja wa upande wa matangazo, Estelle Ellis, akatumia utafiti waliowafanyia wasichana na kwa majibu yao akabuni msichana mmoja akamwita Teena, ana umri wake, urefu wake, hela zake za mfukoni, mambo anayoyapenda, na huyo Teena ndiye aliyepelekwa mbele ya wafanyabiashara. Nyinyi pia mwahitaji mtu kama huyo, wa hapa Mombasa, lakini asitoke vichwani mwenu, atoke kwa majibu ya watoto wenyewe.

Na maswali ndio kazi kubwa. Ukimuuliza mtoto "wapenda fasheni?" atasema ndio na hutakuwa umejua chochote. Muulize nguo yake ya mwisho ni ipi, nani aliilipa, ilitoka mtumba Kongowea ama dukani ama kwa fundi, ilikuwa shilingi ngapi. Muulize Jumamosi iliyopita alivaa nini akienda wapi. Muulize kuna nguo aliyokatazwa kuvaa na nani alimkataza. Muulize akitaka wazo la nguo yuangalia wapi, TikTok, dadake mkubwa, ama watu anaopanda nao feri. Hayo ni mambo yaliyotokea, hana haja ya kuyatunga ili akufurahishe. Na usiwaulize wakiwa kundi mwanzo, mmoja akijibu wote watafuata. Fomu fupi kwanza kila mtu na yake, kisha ndio mkae na wachache mzungumze kwa urefu.

Msiulize watu wa kisiwani peke yao. Nendeni Kisauni, Likoni, Changamwe, wasichana na wavulana, wa kutwa na wa bweni. Kisha mwende mkatazame kwa macho. Jumamosi asubuhi simameni Kongowea upande wa mitumba muone kijana akifika kwa rundo la nguo mkono wake wafanya nini mwanzo, wageuza lebo, wasugua kitambaa, ama mdomo watangulia kuuliza bei. Andikeni hapohapo. Hiyo ndio itawaambia ukurasa wa mbele uzungumzie nini. Rangi ya kava mtaijua baadaye na haitawachukua muda.

fundi_majengo

Mimi ni fundi cherehani, nimesoma hapa juu nikaona lazima niseme. Siku tano za wiki huyo msomaji wenu yuko kwa yunifomu. Tano! Hakuna gazeti la fasheni nishaliona likizungumzia yunifomu na hiyo ndio nguo anayovaa zaidi ya zote. Wiki ya kufungua skuli mje muone kibandani kwangu, mvulana aleta suruali ibanwe miguuni lakini si sana mpaka mwalimu aone, msichana ataka rinda lishuke vizuri kiunoni, mwengine hijabu yake ya skuli ni fupi ataka iongezwe kitambaa. Fasheni ya mwanafunzi iko hapo kwa vitu vidogo, soksi, mkoba, saa, kiatu kimepigwa rangi vipi, tai imefungwa vipi. Andikeni jinsi ya kutengeneza pindo la suruali iliyokuwa fupi, jinsi ya kushona kifungo kisitoke tena, jinsi ya kuondoa wino kwa shati jeupe. Watoto watalikata hilo karatasi waliweke.

La pili ni leso. Mkipiga picha ya leso mjue ina pindo la kuzunguka, ina mji ndio ile sehemu ya katikati, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa. Msichana akijifunga halafu jina limekunjwa ndani, mama zetu wataligeuza jarida juu chini wakilitafuta, hawatasoma kitu chengine. Na hilo jina lisomeni nyinyi kabla ya picha, yako majina ya kusutana wake wenza na majirani, kwa jarida la watoto hayafai hata kidogo. Nendeni Biashara Street pale kwa Kaderdina Hajee Essak, wale twawaita Mali ya Abdulla, wako kwa biashara tangu 1887 na jina lao liko kwa leso zenyewe. Ombeni kwa adabu muulize leso hutoka vipi, nani huchagua jina, kwa nini ile leso ya kisutu, chekundu cheusi na cheupe, ndicho cha harusi hadi leo. Mtoto wa Mombasa ameziona leso tangu amezaliwa lakini hakuna aliyekaa naye akamueleza.

Na wavulana msiwasahau jamani. Kanzu, kikoi, kofia ya vito ambayo mtu huitoboa kwa sindano tundu kwa tundu wiki na wiki. Hizo zina mafundi wake na wana mengi ya kusema.

printa_mwembetayari

Poa sana hii. Mimi nitaongea kuchapa tu.

Jarida la kupigwa stepla katikati, kurasa zake lazima zigawike kwa 4. Fanyeni hivi leo kabla ya kompyuta: chukua karatasi 4 za A4, zipange juu ya nyingine, zikunje katikati. Hiyo tayari ni jarida la A5 la kurasa 16. Liandike namba kwa penseli 1 mpaka 16 halafu lifungue. Utaona 1 na 16 ziko upande mmoja wa karatasi, nyuma yake 2 na 15, na 8 na 9 zimekaa pamoja katikati kabisa. Sasa kama mna picha kubwa ya kuenea kurasa mbili iwekeni 8 na 9, kwengine kokote nusu mbili ziko kwa karatasi tofauti na hazikutani sawa.

Na pesa mwaokolea hapohapo. Rangi ndio ghali. Lipieni rangi karatasi ya nje, mtapata 1, 2, 15 na 16, na ya katikati, mtapata 7, 8, 9 na 10. Kurasa nane za rangi, nane za nyeusi na nyeupe, na mkipanga vizuri msomaji hataona kama mlibana. Zile za maelezo ya kushona na barua za wasomaji ziende kwa nyeusi na nyeupe, picha za nguo kwa rangi. Kila ukurasa andikeni kwa hilo jarida la penseli nini kikae wapi, hiyo ndio ramani yenu, mkibishana bishaneni juu yake.

Kitu kimoja nawaomba, msiniletee picha zilizopitia WhatsApp kama picha. Inazikamua. Kwa simu yaonekana safi, ikichapwa uso wa mtu umekuwa vipande vipande. Zitumeni kama dokumenti ama mlete kwa flashi, ziwe nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa uleule zitakaochapwa nao. Na zile zafika ukingoni zizidishwe milimita 3 nje, tukikata isibaki mstari mweupe.

mama_wa_wawili_tudor

Assalaam aleikum. Mimi ni mzazi na pia ni mwalimu. Jambo lenu ni zuri ila nimeona hakuna aliyegusa hili. Hao watoto wa miaka 13 mpaka 17 ni wadogo kisheria, mtu akiwa chini ya 18 ni mtoto, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yataka mzazi ama mlezi akubali kabla hamjachukua habari zake, na picha ya uso ni habari zake. Kwa hivo fomu iende nyumbani, iwe kwa Kiswahili ambacho bibi yake anaweza kukisoma, iseme picha itatumika wapi na kwa muda gani, kama itawekwa Instagram iseme Instagram. Akikataa mzazi, basi, asisukumwe. Jina la kwanza latosha. Msiweke jina kamili pamoja na skuli na mtaa anaokaa, na nembo ya skuli kwa sweta isionekane mpaka mwalimu mkuu akubali kwa maandishi. Hata hizo fomu za maswali msiandikishe majina kama hamna haja nayo.

La moyoni sasa. Nina binti wa miaka 14 na nawaomba kama mama, msiweke matangazo ya krimu za kujichubua hata wakiwalipa vizuri. Msiandike "nguo za kuficha tumbo". Wekeni weusi, wanene, wembamba, wa hijabu na wasio wa hijabu, mtoto mwenye kutumia kiti cha magurudumu naye avaa nguo. Binti yangu akifungua jarida nataka ajione yuko mle ndani, na akilifunga asiwe amejichukia.

bintikibokoni

Asanteni wote wallahi, nimewasomea wenzangu yote kwa sauti na leo hatujazungumzia kava hata kidogo. Mama, fomu twaiandika kesho na ntaomba uipitie kama hutajali. Tumebaki na mawili. Lugha, na hilo la WhatsApp.

kijana_bombolulu

Dadangu kwa lugha nenda na vile wanazungumza wenyewe. Shujaaz, wale wa komiki ya vijana hapa Kenya, walianza 2010 na komiki ya bure ndani ya gazeti, wakaandika Sheng, na vijana wakaisoma kwa sababu ilisikika kama wao. Lakini usichukue Sheng ya Nairobi ukaimwaga hapa, mtoto wa Kisauni atajua mara moja kwamba hukumwandikia yeye. Mahojiano acheni maneno ya mtu kama alivyoyatoa. Maelezo ya kazi, kama yale ya kushona, yawe Kiswahili cha kawaida kila mtu aelewe.

WhatsApp, sikubaliani na wanaosema ni rahisi basi itoshe. Wakiwa skuli hawana simu, na wa bweni muhula wote hawana. PDF itafika kwa wazazi na makaka zao. Chapeni nakala chache zipite mkono kwa mkono darasani, moja husomwa na watu wengi, halafu PDF itoke likizo.

fundi_majengo

Naongezea hapo kwa pesa. Mafundi na wenye maduka madogo tutalipia nafasi, ila si kwa maneno matupu. Njooni na lile jarida la penseli na majibu ya watoto, wangapi washonesha kwa fundi na kwa bei gani, nikiona hivo mimi nanunua robo ukurasa na najua wenzangu wawili watanunua. Na njooni mapema kabla Ramadhani haijaingia, maana ikishaingia ni nguo za Idd usiku na mchana na hakuna fundi Mombasa hii atakayeinua kichwa kuzungumza na nyinyi. Toleo la kwanza lenyewe pia lifaa litoke kabla ya hapo, wakati watoto wanachagua vitambaa.