"Pissed": kukasirika au kulewa? Nimekwama kwenye tafsiri

Mfasiri_Chipukizi
Wakuu, natafsiri maandishi ya chini ya video na neno "pissed" linanichanganya. Mhusika mmoja anasema "I'm pissed" na ni wazi ana hasira. Mwingine anasema maneno yaleyale huku anapepesuka. Halafu kuna "piss off", "take a piss" na "take the piss", na kamusi yangu inasema "kojoa" tu. Nishike kanuni gani? Na ni tusi zito kiasi gani? Mtu anaweza kumwandikia bosi wake "I was pissed off"?

Kamusi_Hai
Kwanza angalia msemaji anatoka wapi. Kwa Mmarekani, "pissed" peke yake ni kukasirika. Kwa Mwingereza au Mwaustralia kwa kawaida ni kulewa, na akitaka kusema hasira huongeza "off". Kwa hiyo "pissed off" haina utata, ni hasira kote kote. Mtego uko kwenye "pissed" tupu. Usipojua asili ya msemaji, tazama neno linalofuata: "pissed at him" ni hasira juu ya mtu, "pissed on cheap wine" ni ulevi. Ukikutana na "pissed as a newt", huyo newt ni mnyama mdogo wa majini anayefanana na mjusi. Usimwingize kwenye tafsiri, andika "amelewa chakari".

Kuhusu uzito, ni lugha chafu ya kiasi. Haifikii matusi ya ngono, lakini kwa bosi, mwalimu au mteja haifai kabisa. Andika "annoyed" au "upset". Kwa daktari sema "urine" na "pass urine". Kwa mtoto, "pee" au "wee". Zamani halikuwa na aibu hii. Lilitoka Kifaransa cha kale, na Biblia ya King James ya 1611 inalo waziwazi katika 1 Samweli 25:22, ambapo wanaume wanatajwa kama wale wanaokojoa ukutani. Matoleo mengi ya Kiingereza cha leo yanasema "wanaume", basi.

Sarufi_Kwanza
Kamusi_Hai kamaliza upande wa maana. Mimi nasisitiza vijineno, maana ndiko tunakoteleza zaidi. Kiswahili hakina "a" wala "the", kwa hiyo mtu huzidondosha au kuzibadilisha akidhani hazina kazi. Hapa zina kazi kubwa: "take a piss" ni kukojoa, "take the piss" ni kumkejeli mtu au kumfanya mjinga, na hii ya pili ni ya Waingereza hasa. Anayekejeliwa hutanguliwa na "out of": "They took the piss out of him."

Na "piss off" hubadilika kutegemea kama ina mtendwa. Bila mtendwa, "Piss off!" ni amri: toka hapa, potelea mbali. Ikiwa na mtendwa ni kuudhi: "He pissed me off." Kiwakilishi lazima kikae katikati, "pissed off me" ni kosa. Jina la kawaida linakaa popote: "pissed the boss off" au "pissed off the boss".

Zilizobaki hazisumbui. "It's pissing down" ni mvua kubwa, "piss away" ni kutapanya pesa, "piss-poor" ni kitu kibovu mno. Mkojo haumo hata katika moja.

Sikio_la_Lafudhi
Msisahau matamshi. Kiswahili kina "i" moja, Kiingereza kina mbili. "Peace" na "piece" zina ndefu, midomo imetanuka kama unatabasamu. "Piss" ina fupi na legevu, ulimi umeshuka kidogo kuelekea "e". Msemaji wa Kiswahili akifupisha "peace", msikilizaji anaweza kusikia tusi katikati ya hotuba ya amani. Dawa ni kuivuta "i" ya "peace" kupita unavyodhani inatosha. Jizoeze na "a piece of piss", usemi wa Kiingereza wenye maana ya kazi rahisi mno, kwa kuwa una sauti zote mbili. Fanyia faraghani tu. Na "pissed" ni silabi moja, "pist", usitamke "pi-sed".

Mfasiri_Chipukizi
Asanteni sana. Limebaki moja: fundi anataja bei, mteja anamjibu "Are you taking the piss?" Hapo hakuna anayemcheka mwenzake.

Sarufi_Kwanza
Kejeli imegeuka lawama: unadai kupita kiasi ukidhani sitagundua. Weka "Unanifanya mjinga?" Kama mhusika ni mkali zaidi, "Unaniona mimi fala?" inabeba na ule ukali wa lugha. "Unanitania?" ni laini mno kwa sauti ya mteja huyo.